Panga watu kwanza ndo upange waigizaji: namna ya kutumia nafasi ili jukwaa na watazamaji wawe kitu kimoja

Kuna igizo letu moja la mirathi, mama mjane analetewa karatasi na mashemeji zake aweke dole gumba ili nyumba iuzwe. Tulilicheza mara mbili ndani ya wiki mbili, waigizaji walewale, maneno yaleyale. Mara ya kwanza ilikuwa ukumbi wa shule, jukwaa la zege limepanda mpaka kiunoni, mbele yake wamepanga masofa ya wageni waalikwa na meza zenye vitambaa, maua ya plastiki na chupa za maji, nyuma ya masofa viti vya walimu, wanafunzi huko mwisho. Kutoka kwa mama mjane mpaka mwanafunzi wa kwanza nilikuja kuhesabu baadae, hatua 17. Pale mama anapolia wanafunzi walikuwa wanapiga stori zao. Wiki iliyofuata tukacheza mtaani chini ya mwembe, watu kwenye mikeka, mama mjane yuko hatua mbili tu kutoka kwa mama mwingine aliyekuja na mtoto mgongoni, na ile karatasi ilipotolewa huyo mama akasema kwa sauti kabisa "usiweke dole mwanangu!" watu kama kumi wakadakia, mwigizaji wangu akamgeukia, akamwangalia, mkono ukaganda hewani. Sikuwa nimempa maelekezo hayo hata siku moja. Alipewa na ile nafasi.

Tangu hapo kwenye kikundi chetu ni sheria, kabla hujapanga waigizaji panga watu. Waongozaji wengi tunaanza na skripti, nani anaingia kulia nani anatokea kushoto, mazoezi wiki sita kwenye darasa tupu, halafu siku ya onyesho ndo tunakutana na watazamaji wamekaa popote walipokuta kiti. Hapo nusu ya kazi imeshapotea, mana umbali kati ya mwigizaji na mtazamaji unaamua mengi kabla mtu hajafungua mdomo, unaamua kama watu wanasikiliza kama kesi ya nyumbani kwao au wanatazama kama gari linalopita barabarani.

Kwahiyo hivi ndo tunavyofanya sisi, na wewe unaweza kufanya ata kama huna hela ya mbao wala taa.

Anza kwa kukaa. Ukishaonyeshwa eneo nenda siku moja kabla, ikishindikana basi masaa matatu kabla, na iwe saa ileile mtakayocheza. Mweke mwigizaji mmoja katikati aseme mistari yake, wewe zunguka ukae mbele kabisa, kona ya kulia, kona ya kushoto, nyuma kabisa, nyuma ya nguzo. Usisimame jamani, kaa, mana ukisimama unaona vitu ambavyo aliyekaa havioni. Kumbi zetu nyingi za shule na kanisa sakafu yake ni flati, mtu wa safu ya tano anaona visogo tu, kwahiyo chochote kinachochezwa chini, mtu kaanguka, mtu kapiga magoti, kwake hakipo kabisa. Dawa yake ni ya bure: mbele mikeka, nyuma ya mikeka mabenchi, nyuma ya mabenchi viti, nyuma ya viti wanaosimama. Umepata ngazi nne bila kugonga msumari. Na kama eneo lina mteremko, ata ule mdogo tu, watu wakae kwenye mteremko waigizaji wawe chini, sio kinyume chake. Wagiriki wa kale walijenga kumbi zao kwenye ubavu wa kilima, ule wa Epidauros ulikuwa unachukua watu wapatao 14,000 na hakuna cha maiki wala spika.

Ukimaliza kukaa, fanya zoezi la umbali. Hili ndo nalipenda kuliko yote. Chukua mstari mmoja, mfano "mimi siweki dole hapa", mwambie mwigizaji auseme kwa mtu mmoja akiwa hatua moja, kisha hatua nne, kisha hatua kumi na tano. Usimwelekeze kitu kingine chochote. Utaona kwa hatua moja sauti inashuka yenyewe na kazi yote inafanywa na macho, kwa hatua nne inakuwa mazungumzo ya barazani, mikono inaanza kusaidia, kwa hatua kumi na tano imeshakuwa hotuba, kifua kimepanda na maneno yamekuwa ya watu wote sio ya yule mmoja tena. Sasa chukua skripti yako uandike pembeni ya kila onyesho dogo: moja, nne, au kumi na tano. Mtu anayemwambia mwenzake siri ni hatua moja. Ugomvi wa mume na mke ni nne. Hukumu, tangazo, kiapo, hizo ni kumi na tano.

Kuna mtaalamu wa Marekani, Edward T. Hall, mwaka 1966 alitoa vipimo vya umbali kati ya watu: chini ya sentimita 45 ni wa wapendanao na mama na mwana, mpaka mita 1.2 ni wa marafiki, mpaka mita 3.6 ni wa shughuli na wageni, zaidi ya hapo ni wa hadhara. Vipimo hivi vinasaidia kuelewa wazo lakini usivibebe kama vilivyo, mwenyewe alisema alivipata kwa Wamarekani wa tabaka la kati, na mtu anayepanda daladala kila asubuhi sentimita 45 kwake sio mapenzi, ni safari tu ya kwenda kazini. Vipimo vya watu wako utavipata kwa kuangalia wanavyokaa msibani, kisimani, kwenye kijiwe cha kahawa. Kwenye kahawa wanaume wanakaa magoti yanakaribia kugusana na wanaongea siasa kwa sauti ya juu. Hiyo ni elimu tosha ya namna ya kuweka mabenchi yako.

Na usiweke kila kitu karibu. Nimeona vikundi vikishagundua ukaribu unafanya kazi basi igizo zima linachezwa usoni kwa watu, baada ya dakika kumi watazamaji wanaanza kujivuta nyuma na wanaangalia chini. Ukaribu unataka umbali ili usikike. Kwenye lile la mirathi mama mjane sasa hivi yuko karibu muda wote, lakini mashemeji wanatokea mbali kabisa, nyuma ya watu, wanakuja taratibu wanapita katikati ya mikeka huku wanasalimia watu, "shikamoo mama, hamjambo hapa", kwahiyo wakimfikia mjane kila mtu ameshaitikia salamu zao na kila mtu anajiona kama amewaruhusu kupita. Hilo nililipata kwa kubadilisha njia ya kuingilia tu, sikugusa neno.

Sasa tuje kwenye masofa, mana najua wengi hapa ndo panatushinda. Meza kuu inakaa pale pale ambapo igizo linatakiwa kuvuka kwenda kwa watu, inakuwa kama mto bila daraja. Usigombane na mwenyeji wako, heshima ya mgeni kwetu sio jambo la kupuuza na mimi sitaki kulipuuza. Nenda mapema, muombe masofa yahamie pembeni, nusu kulia nusu kushoto, yakiwa yameinama kidogo kuelekea katikati, mwambie hapa mheshimiwa atakuwa karibu zaidi na watu wote watamuona. Na ni kweli kabisa, sio ujanja. Maji yakae kwenye stuli, meza ziondoke. Katikati pakibaki wazi unawaleta watoto mikekani mpaka miguuni kwa waigizaji. Tumefanya hivi mara nyingi na hakuna mgeni aliyelalamika, wengine wanakaa mbele ya sofa ile sehemu ya ukingo, viwiko kwenye magoti, unajua tayari yuko ndani.

Na jukwaa likiwa refu, liache. Cheza chini mbele yake. Lile zege libaki la mahakama, ofisi ya mtendaji, mtu yeyote mwenye mamlaka, akisimama kule juu huku wengine wako chini na watu, hujahitaji ata joho kuonyesha nani ana nguvu.

Kwenye umbo la kukaa watu, kwa kifupi kuna matatu. Watu upande mmoja, kama picha ndani ya fremu. Watu pande tatu, nusu duara. Watu pande zote, duara la ngoma. Mimi kazi za mtaani nachagua nusu duara karibu kila mara, na sababu kubwa ni Kamĩrĩĩthũ.

Hapo Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru nchini Kenya, mwaka 1977 wanakijiji walijenga ukumbi wa wazi kwa mikono yao, wakulima na wafanyakazi wa viwandani, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ wakiwa waandishi wa tamthilia na Kĩmani Gecaũ ndo mwongozaji. Wakati huo Nairobi kulikuwa na Kenya National Theatre tangu 1952, jengo zuri, lakini ni ukumbi wa fremu, unaingia, unakaa kimya, pazia linafunguliwa. Kule Kamĩrĩĩthũ walifanya tofauti kabisa. Jukwaa la nusu duara lililoinuliwa, nyuma yake ukuta wa mianzi nao wa nusu duara, nyuma ya ukuta kijumba cha vyumba vitatu cha kubadilishia nguo na kuhifadhi vitu, na mbele viti virefu vya mbao vimepangwa kama ngazi, vinaingia zaidi ya watu 2,000, hakuna paa. Kati ya viti na jukwaa hakuna kizuizi, na pembeni pote kumeachwa uwazi mpana, kwahiyo mtu anatoka kwa watu anaingia jukwaani, anazunguka, anarudi. Nyuma ya watazamaji kulikuwa na miti mirefu ya mikaratusi na kuna siku waigizaji walipanda juu ya miti wakaanza kuimba kutokea huko, bila kufanyia mazoezi. Fikiria wewe umekaa, jukwaa mbele yako, na wimbo unakujia kutoka juu nyuma yako. Hapo hakuna mtu aliyebaki mtazamaji.

Lakini jambo kubwa kuliko umbo ni kwamba mazoezi yenyewe yalifanyika hadharani. Watu walikuja wakaangalia, wakasahihisha, mzee huapi hivyo, kiwandani huongei hivyo na msimamizi. Mpaka igizo linaanza rasmi tarehe 2 Oktoba 1977 watu wengi walikuwa wanajua mistari, igizo lilikuwa lao. Serikali ikalisimamisha Novemba 16 mwaka huohuo, mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kesi, na Machi 1982 polisi wakaja kuubomoa ukumbi wenyewe. Mimi nikifikiria hilo la 1982 ndo naelewa nguvu ya mpangilio wa nafasi: igizo lilikuwa limeshapigwa marufuku, ila mbao na mianzi navyo vikaonekana ni hatari.

Cha kuchukua kwa kazi yako ni hiki, fanya walau mazoezi mawili ya mwisho palepale watu walipo, mlango wazi, watoto waangalie. Usiogope kwamba watajua mwisho. Anayejua mwisho anakuja na jirani yake.

Namna ya kutembeza waigizaji inabadilika kulingana na umbo, na hapa inabidi uwe mvumilivu na mazoezi. Watu wakiwa upande mmoja, usiwapange waigizaji mstari mmoja kama kwaya, wape kona, mmoja mbele kushoto mwingine nyuma kulia, mstari wa kukatisha ndo unaompa mtazamaji kitu cha kusafiri nacho kwa macho. Nusu duara, sehemu yenye nguvu ni ile ya ndani kabisa karibu na ukuta wa nyuma, mana mtu akisimama pale pande zote tatu zinamuona uso, ukimleta mbele sana wa pembeni wanabaki na mgongo. Duara kamili kila mtu ana mgongo kwa mtu, hauwezi kukwepa, kwahiyo sheria yetu ni kwamba asikae na mgongo kwa watu walewale zaidi ya mistari mitatu minne, na wawili wakiongea wasisogeleane pua kwa pua, waachane hatua tano sita, hapo anayenyimwa uso wa mmoja anaupata wa mwenzake. Acha njia mbili au tatu wazi kwenye duara, upana wa watu wawili, mchore kwa majivu au chokaa, na mwigizaji akisimama kwenye mdomo wa njia mgongo wake unaelekea uwazi, haujamnyima mtu. Weka na mtu wenu mmoja wa kulinda duara, mana ukiona ngoma yoyote utagundua duara linapumua, watoto wanasukuma kwa ndani taratibu mpaka wachezaji hawana pa kugeukia, ndo mana kule kuna mzee na kijiti cha mti anazunguka anawarudisha nyuma.

Halafu mpaka. Hapa wengi tunachanganya tukidhani kuunganisha watu na waigizaji ni kufuta mpaka. Hapana, mpaka uwepo, ila uwe unavukika na kila mtu ajue ulipo. Peter Brook, mwongozaji Muingereza aliyekuwa na kikundi chake Paris, kuanzia Desemba 1972 alisafiri na waigizaji kutokea Algeria wakavuka Sahara mpaka Niger na Nigeria, na jukwaa lao lilikuwa zulia tu. Wanafika kijijini, wanatandika zulia chini, watu wanakaa pembeni, anayekanyaga zulia anaigiza. Basi. Sisi tunatumia mkeka mmoja mkubwa na inafanya kazi vizuri sana, mwigizaji akivua viatu kabla ya kukanyaga watu wananyamaza wenyewe, huhitaji mshereheshaji wa kuomba utulivu.

Na kuvuka mpaka sisi tunakujua zamani. Angalia taarabu, mtu anasikia ubeti umemgusa, anainuka huku anacheza, anakwenda mpaka kwa muimbaji kumtunza, anarudi kwenye kiti chake, na kila aliyekaa ameshasoma ujumbe amepelekewa nani. Ile ni safari ya mtazamaji ndani ya jukwaa, ina adabu yake na mwendo wake. Igizo lako likihitaji watu waingie, kama yale ya mtindo wa Augusto Boal wa Brazil ambapo mtazamaji anasimamisha kisa na kuingia kujaribu suluhisho lake, wape njia ya aina hiyo: sakafu ileile, hatua chache, nafasi ya kutembea kwa heshima. Ukimwambia mama wa miaka 50 apande jukwaa la zege lisilo na ngazi mbele ya mkwe wake, hatakuja, na utasema wanawake wa hapa wana aibu wakati tatizo ni zege.

Upande wa pili, mwigizaji akiingia kwa watu aingie kwa adabu hiyohiyo. Asimguse mtu ambaye hajampa mkono. Asikae kwenye kiti cha mtu. Asimchague aliyeinama. Nina mwigizaji mmoja hodari sana kwenye hili, anasimama karibu na mtu bila kumtazama, anaongea kama peke yake, halafu kidogo kidogo anageuka, akimwona yule mtu amemwangalia ndo anaendelea naye, akiangalia pembeni anasogea kwa mwingine kana kwamba ndo alikokuwa anakwenda.

Mwanga na sauti pia ni nafasi. Mchana, watazamaji wawe na jua mgongoni, saa kumi jioni jua la magharibi likiwapiga usoni hawaangalii igizo, wanaangalia mikono yao. Upepo uvume kutoka kwa waigizaji kwenda kwa watu, hilo utalijua kwa kurusha vumbi kidogo. Usiku mkiwa na taa msikimbilie kuwazima watazamaji. Wagner, mtunzi wa opera wa Ujerumani, alipofungua ukumbi wake mjini Bayreuth mwaka 1876 ndo alitia giza upande wa watu ili macho yote yaende jukwaani, na tangu hapo wengi tunadhani tamthilia lazima iwe giza. Ile Globe ya London, ukumbi wa enzi za Shakespeare uliojengwa upya ukafunguliwa 1997, inafanya kinyume, watu wanasimama uwanjani wameegemea ukingo wa jukwaa, mwanga ni uleule kwao na kwa mwigizaji, akiuliza swali anaona nani ametikisa kichwa. Kama igizo lako linauliza kitu, waache watu kwenye mwanga. Spika nazo ziweke karibu na waigizaji, sio kwenye kona mbili za mbali, mana sauti ikitokea kulia na mdomo ukiwa kushoto akili ya mtu inachoka kutafuta nani kaongea. Watu wakiwa chini ya 200 na eneo limetulia, zima maiki kabisa, mfanyie mwigizaji mazoezi ya sauti.

Kuna swali moja najiuliza kabla ya kupanga ata benchi la kwanza: hawa watu ndani ya hiki kisa ni nani? Mwongozaji Jerzy Grotowski kule Poland, akiwa na msanifu majengo wake Jerzy Gurawski, kila igizo aliwapa watazamaji nafasi yake. Mwaka 1962 aliwaweka katikati ya vitanda vya hospitali ya wagonjwa wa akili, 1963 akawakalisha kwenye meza ndefu kama wageni wa chakula cha mwisho cha mtu anayekaribia kufa, 1965 akawaweka nyuma ya ukuta wa mbao wachungulie mateso yanayofanyika chini. Yeye alikuwa na watu wachache sana kwa onyesho moja, sisi tuna mtaa mzima, ila swali ni lilelile. Kwenye la mirathi watu wetu ni waombolezaji. Kwahiyo tumewakalisha kama msibani, wanawake mikekani upande wa ndani, wanaume kwenye mabenchi chini ya turubai, na mwanzo kabisa kabla ya neno lolote kuna mtu anapita na birika la chai na vikombe. Anayepokea kikombe tayari yuko matangani. Mashemeji wakija kudai dole, wanadai mbele ya watu waliokuja kumzika ndugu yao.

Onyesho likiisha usiharakishe kukusanya viti. Tembea uangalie vimehamaje. Mkeka uliovutwa mbele, benchi lililogeuzwa, ile sehemu ambayo viti vimerudi nyuma na kuacha pengo, piga picha kwa simu, kesho yake kwenye mazoezi waonyeshe waigizaji. Sisi tulikuta mikeka ya mbele yote imesogea karibu nusu mita upande wa mama mjane, upande wa mashemeji imebaki ilipokuwa, na onyesho lililofuata tukaitandika tangu mwanzo pale ambapo watu walikuwa wameivuta.